Siku Niliyosimama Nikasahau Mguu

Jina langu lilipotajwa ukumbini pale Vwawa, nilisimama. Nilisimama kama mtu yeyote anavyosimama akiitwa, nikasahau kabisa kwamba sina mguu wa kulia na kwamba magongo yangu yako chini ya kiti. Daudi, mume wangu, asingenidaka kiunoni ningeangukia meza ya wageni na soda zao. Ukumbi ulishtuka, ukacheka, kisha ukapiga makofi ambayo mpaka leo nikiwa naosha vyombo nayasikia. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote.

Naitwa Naomi, mkazi wa Chapwa, hapa Tunduma. Tuzo niliyoitiwa hutolewa kwa wanamichezo wenye ulemavu wa mkoa wetu, na yangu ilikuwa ya moyo na ustahimilivu. Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali, unasubiri kuitwa, na hujui utarudi nyumbani ukiwa nani. Benchi hilo nimelikalia. Mambo ya vitabu vya madaktari siyajui. Najua yaliyonipata tu.

Nilikuwa nauza vitenge karibu na mpaka. Wateja wangu wengi walitoka Nakonde ng'ambo, wananiita "ba mayo", yaani mama, nami nawajibu kwa Kibemba changu cha kuokoteza. Kazi ile ni ya miguu. Unabeba marobota, unapita katikati ya malori yaliyopanga foleni, unasimama toka asubuhi. Kwa hiyo goti lilipoanza kuuma nilisema ni uchovu.

Aliyeona kwanza ni mama mkwe wangu. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, nimekwenda Mbozi kumsaidia, pamoja na binti yangu Neema, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Nilikuwa napanda na ndoo kutoka bondeni, yeye kasimama juu ananitazama.

"Mama Neema, mbona unachechemea kama kuku aliyepigwa jiwe?"

"Nimejikwaa, mama."

"Umejikwaa tangu juzi?"

Kahawa ilipokwisha kukauka, juu ya goti palikuwa pamevimba. Nilichua kwa dawa za dukani, nikachua kwa mafuta ya kuombewa, nikafunga kitambaa. Uvimbe ukawa kama parachichi, tena gumu, lisiloiva. Zahanati wakanituma kupiga picha, waliopiga picha wakanituma Mbeya, hospitali ya rufaa.

Kule ndiko nilikojifunza kungoja. Kungoja ni kazi, nakwambia. Unafika na baridi, unakaa, unasogea, unakaa tena. Unajua viatu vya kila mtu kabla hujajua jina lake. Siku ya majibu nilikaa jirani na mwanamke mwembamba aliyefunga shuka kiunoni, mguu wake wa kushoto kaunyoosha mbele kama si wake. Akafungua kopo la plastiki lenye viazi vilivyochemshwa na kumenywa.

"Kula, dada."

"Sina hamu, asante."

"Kula hivyo hivyo. Wakikupa dawa utatapika, na mtu asiye na kitu tumboni anatapika roho."

Nilicheka, na nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu. Anaitwa Tusajigwe, mkulima wa Ibaba kule juu Ileje, na viazi vilikuwa vya shamba lake. Ugonjwa wake ulikuwa huu huu wangu. Nilikula viazi vitatu bila chumvi, na kiazi cha mwisho nilikuwa bado nakitafuna nilipoitwa ndani.

Daktari hakuzunguka. Alivuta kiti akakaa karibu nami badala ya kubaki nyuma ya meza. Alisema ni saratani ya mfupa. Alisema tutaanza na dawa ya dripu, kisha mguu utakatwa juu ya goti, kisha dawa tena. Mimi nikamwuliza swali la kijinga: na kama nikiwa mwangalifu nisiutumie?

"Mama," akasema, "tunautoa mguu ili wewe ubaki."

Kikao cha familia kilifanyika Mbozi, kwa mama mkwe. Shemeji mmoja alisema tufunge na kuomba kwanza. Mwingine alisema amesikia habari za mtu Zambia aliyepona kwa mizizi. Daudi alikaa mlangoni, anakunja kofia yake. Mama mkwe ndiye aliyesema wazi.

"Mimi kwangu mtu hazikwi vipande vipande. Huo mguu watautupa wapi?"

Nilikuwa nimeapa kutolia mbele yao. Nikasema, "Mama, mguu huu ukibaki, mtanizika mzima."

Mama mkwe alitoka, akaingia kwenye shamba lake la kahawa, tukabaki tunatazamana. Aliporudi alikuwa na matope kwenye kanga. Hakuwatazama wanawe. Alinitazama mimi.

"Wanaanza lini? Nije nikae na mtoto."

Dawa ile ni nyekundu kama sharubati, na ukienda haja ndogo inatoka nyekundu vile vile. Usiogope ukiiona, mimi niliogopa bure. Nywele zilitoka kwenye mto kwa mafungu. Mdomo ulichubuka ndani, hata uji wa vuguvugu ukawa unachoma. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani ilinitoa mbio, mimi niliyekuwa napenda kitunguu kupindukia. Neema alipoona kichwa changu kina upara alisimama mlangoni, akaondoka, akarudi na kofia yake ya sufu ya shuleni. Ilinibana mpaka masikio yakapinda. Nilivaa.

Mvua za kwanza zilinikuta wodini, siku ya kukatwa. Niliamka nasikia zinapiga bati, nikashukuru kwamba nasikia. Kisha nikasikia kitu kingine: kidole gumba cha mguu wa kulia kinawasha. Nilijua hakipo. Kinawasha tu, tena vibaya. Nikamwita nesi wa zamu, dada mnene mwenye sauti ya kwaya.

"Nesi, utanicheka. Kidole gumba kinawasha."

"Kipi?"

"Kile mlichokitoa."

Hakucheka. Aliinama, akakuna shuka pale ambapo kidole kingekuwa, kwa utaratibu, kama anamkuna mtu kweli. Na ikapungua! Sijui ilikuwaje. Lakini ukikutwa na hali hiyo, mwambie mtu akukunie shuka.

Tusajigwe alikuwa kitanda cha tatu kutoka changu, naye kakatwa siku chache kabla. Alipoona nimefumbua macho akapaza sauti wodi nzima isikie: "Dada, mimi wa kushoto, wewe wa kulia. Sasa tutanunua viatu jozi moja tugawane!" Wagonjwa walicheka huku wameshika vidonda vyao.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Wodini kila mtu ana chake, nyumbani wewe ndiye mgonjwa peke yako. Wageni walikuja wakinong'ona kama kuna maiti ndani. Neema alinipa shikamoo kutoka mbali, akazunguka ukuta. Na Daudi, mtu niliyekuwa nagombana naye na kucheka naye, akawa anatoka alfajiri kwenda karakana yake ya kuchomelea, pale yanapoegeshwa malori, na kurudi akiwa amechoka. Alinipikia, alinifulia, hakunitazama. Sehemu ya paja iliyobaki ilikuwa haijaonwa na yeyote nyumbani, nilikuwa naifunika hata joto likiwepo.

Mama mkwe ndiye aliyevunja ukimya. Alikuwa ananiogesha, mimi nimeshikilia kanga.

"Toa hiyo."

"Mama, si pazuri."

"Nimezaa saba. Utanionyesha nini?"

Nikaachia. Akatazama, akagusa kwa kidole chenye sabuni, akashusha pumzi. "Kumbe ni hivi tu! Nilidhani kuna shimo." Akamwita Neema kwa sauti, "Njoo umwone mama yako, hakuna shimo!" Neema akaja, akachungulia, akauliza kama panauma, nikasema kidogo. Jioni hiyo alinilalia begani kama zamani.

Mahindi yalipovunwa nilikuwa nimebakiza dripu chache. Siku nilizopata nguvu walinitandikia mkeka uani, kazi yangu kulinda mahindi yaliyoanikwa. Kulikuwa na mbuzi wa jirani, beberu mwenye dharau. Alikwishajua siwezi kuinuka. Alikuja polepole, ananitazama usoni, akaanza kula. Hasira zangu zote za mwaka mzima zikapanda. Nikaokota jiwe lililokuwa linashikilia pembe ya mkeka, nikalirusha nimekaa vile vile. Lilipita juu ya mbuzi, likapita juu ya michongoma, likatua barabarani.

Sauti ikatoka nje: "Nani huyo anataka kuniua?"

Alikuwa Mwalimu Sichone, wa shule ya msingi, anayefundisha michezo watoto wenye ulemavu. Alichungulia juu ya michongoma, jiwe mkononi. Nikaanza kuomba radhi. Yeye alikuwa anapima kwa macho, kutoka mkeka mpaka barabarani.

"Mama, umerusha umekaa?"

"Nisamehe, mwalimu, nilikuwa nalenga mbuzi."

"Mbuzi mwache. Rusha tena."

Nilirusha tena! Nikarusha mpaka mawe ya mkeka yakaisha na mahindi yakatawanyika, na mama mkwe akatoka jikoni akidhani nimerukwa na akili. Mwalimu alieleza kuna mchezo wa kurusha tufe umekaa, mrushaji anafungwa kwenye kiti, kiti kinafungwa ardhini, mkono mmoja unashika nguzo na mwingine unarusha. Makalio yakiinuka kwenye kiti, bendera nyekundu, mtupo haukubaliki. Sikuwa nimesikia habari tamu kama hiyo tangu goti lianze kuuma. Mchezo ambao kusimama ndiyo kosa!

"Tatizo kiti," akasema mwalimu. "Hatuna."

Daudi alikuwa amerudi, kasimama nyuma yetu. Alienda ndani, akatoka na futi ya kupimia, akapiga goti mbele yangu. Akapima mgongo wangu, akapima paja la kushoto, kisha akasita. Nikamshika mkono nikauweka kwenye paja la kulia, pale lilipoishia. Akapima. Machozi yalikuwa yanadondokea futi.

"Nilidhani nikikutazama utaona naogopa," akasema.

"Nilijua unaogopa. Nilitaka unitazame hivyo hivyo."

Alikichomelea kiti kile kwa vyuma vya trela, kizito ajabu, mikanda yake ya kufungia mizigo ya malori, na nguzo aliyoifunga kwa bolti. Nilifanya mazoezi uwanja wa shule, vumbi na upepo wa Tunduma wa kipupwe unatupiga usoni. Wiki ya dripu nilitapika, wiki inayofuata nilirusha. Bega liliuma maumivu mazuri, ya kazi, tofauti na yale mengine. Nilimpigia simu Tusajigwe Ibaba nikamweleza. "Hata mimi nina mkono," akasema. Akaanza kurusha kwao milimani.

Dawa ziliisha. Halafu, mashindano ya mkoa yakikaribia, nilienda kliniki ya kawaida wakapiga picha ya kifua. Daktari aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kuna kivuli kidogo. Inaweza kuwa mabaki ya nimonia iliyopita bila kujulikana, inaweza kuwa kitu kingine. Tutapiga tena baada ya mwezi."

Wewe uliyepita huko unajua "kitu kingine" ni nini. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mashindano yalikuwa kabla ya picha hiyo ya pili. Nilimwambia Daudi sitaenda. Nikampigia Tusajigwe kumwambia hivyo hivyo.

"Kivuli kitafanya nini ukikaa nyumbani?" akauliza. "Kitaondoka?"

"Hapana."

"Basi njoo nacho."

Nikaenda nacho. Uwanja wa Vwawa ulikuwa umejaa wanafunzi, akina mama wa vikundi, matarumbeta. Jua linawaka, bendera zinapepea. Nilimkuta Tusajigwe amekaa kwenye nyasi, uso umemshuka. Barabara ya kwao ilikuwa imeharibika, gari lililobeba kiti chake lilikwama mlimani. Yeye alishuka kwa bodaboda, kiti hakikufika.

"Utarushia changu," nikasema.

"Mimi narusha kwa mkono wa kushoto. Nguzo yako iko upande huo huo."

Daudi akasema, "Ni bolti tu."

Mimi nilirusha kwanza. Walinifunga mikanda, nikashika nguzo, nikaweka tufe shingoni, baridi kama chupa ya maji. Mtupo wa kwanza, bendera nyekundu, nilikuwa nimeinuka kwa pupa. Wa pili ukawa mfupi. Wa tatu nilivuta pumzi kutoka kwenye kifua kile kile chenye kivuli, nikasikia Neema anapiga kelele, "Mama, mbuzi! Mbuzi!", nikaachia. Bendera nyeupe! Haijawahi kwenda mbali hivyo hata mazoezini. Nilikuwa naongoza! Mwalimu Sichone alikuwa anarukaruka peke yake kama ameshikwa na siafu.

Sasa zamu ya Tusajigwe. Waamuzi walimpa Daudi muda mpaka mbio za viti vya magurudumu ziishe. Bolti tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imekamata kutu. Daudi alilala chali chini ya kiti, jasho linamtiririka, mimi nimemshikia spana, Tusajigwe anaomba kwa Kindali cha kwao. Mbio zinaisha. Mwamuzi anatazama saa. Nikasema, "Daudi, hebu ivunje!" Akaegemea na mwili wote, ikalia kama risasi, ikatoka. Nguzo ikahamia kulia. Uwanja mzima, uliokuwa umeacha kutazama mbio na kutazama bolti, ukalipuka.

Tusajigwe alifungwa, akarusha. Mtupo wake wa mwisho ulitua mbele ya wangu kwa upana wa kiganja.

Ndiyo, iliniuma kidogo. Ilinichoma kama sindano, ikatoka. Kisha nikajikuta napiga ukelele, nimemkumbatia bado akiwa kwenye mikanda, tunalia wote wawili, na Daudi kashika kiuno anatikisa kichwa. "Nimefunga bolti za kumshindisha mke mwenzio," akasema, watu wakafa kwa kicheko, maana maneno yalimchanganya, alitaka kusema mwenzio tu.

Picha ya pili ilikuwa safi. Kivuli kimeondoka, yalikuwa mabaki ya nimonia kweli. Daktari aliigeuza kunionyesha na mimi nikamwomba nisimame kidogo dirishani, nipumue.

Hivyo nilifika kwenye sherehe ile ya tuzo nikiwa mwepesi hata nikasahau mguu. Mtangazaji alisimulia habari ya kiti na bolti, na jinsi nilivyofanya mazoezi kati ya dripu na dripu. Lakini alianza kwa sauti ya msibani, "mwenzetu huyu mwenye masaibu," na nikaona watu wanaandaa vitambaa vya machozi. Aliponipa kipaza sauti nikasema, "Masaibu yalikuwepo. Lakini mimi ni mrushaji, na mwakani Tusajigwe wa Ibaba ajiandae." Tusajigwe akajibu kutoka nyuma bila kipaza sauti, "Uje na bolti zako!" Vigelegele vilivyopigwa hapo sijui kama vimekwisha.

Tulipokuwa tunatoka nje, mwanamke mmoja alinivuta kando, nyuma ya gari la matarumbeta. Ni muuza mchele anayetoka Kamsamba, alikuja Vwawa kwa biashara akaingia ukumbini kufuata ngoma tu. Alitazama huku na huku, akapandisha gauni. Juu ya goti pamevimba.

"Dada, lako lilianza hivi?"

Sikumdanganya. "Lilianza hivi."

"Nimekuwa nachua."

"Hata mimi nilichua. Jumatatu twende."

"Naogopa."

"Nami nitakuwepo. Tutaogopa wawili."

Jumatatu tulikuwa benchini Mbeya, mimi na yeye, tunasogea na kukaa, tunasogea na kukaa. Alinishika mkono hata pete yangu ikaacha alama. Alipoitwa aliingia peke yake, akataka iwe hivyo. Nilikaa natazama mlango ule, na nakiri kwamba hata kwenye tufe moyo haujawahi kunipiga namna ile.

Mlango ukafunguliwa. Alisimama pale, kanga imemtoka begani.

"Maji!" akapiga kelele. "Wamesema ni maji tu! Wanayavuta leo leo!"

Benchi zima likainuka, watu tusiojuana, wenye bandeji na wenye dripu, tukashangilia mpaka nesi akatoka kutuambia hapa ni hospitali. Naye alikuwa anacheka.